Shajara ya mradi: kijitabu cha Kiswahili kuhusu Claire Fraser na vijidudu alivyovisoma

12 Januari

Leo nimefungua rasmi daftari la mradi huu. Lengo ni kuandika kijitabu cha kurasa 40 kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita pamoja na walimu wao wa baiolojia, kitakachoeleza maisha ya kazi ya Claire Fraser, mwanasayansi wa Marekani ambaye yeye na taasisi aliyoiongoza walisoma jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba, za vijidudu vingi kuliko mtu angeweza kutarajia katika kipindi kifupi namna ile. Nimemchagua kwa sababu ya kiutendaji zaidi kuliko ya kishujaa. Orodha ya vijidudu vilivyopita mikononi mwa taasisi hiyo inasomeka kama daftari la wagonjwa la zahanati ya kwetu, na mwisho wake kama daftari la ofisi ya mifugo: kaswende, kipindupindu, kifua kikuu, malaria, malale, ndigana kali. Mwanafunzi hatahitaji kushawishiwa kwamba habari hii inamhusu.

Ratiba ya awali imekamilika. Alizaliwa mwaka 1955. Alipata shahada ya kwanza ya baiolojia katika Rensselaer Polytechnic Institute mwaka 1977, na uzamivu wa famakolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Buffalo mwaka 1981. Kisha alifanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, akichunguza vipokezi, yaani zile protini zilizo juu ya seli ambazo hupokea ujumbe wa adrenalini na kemikali nyingine za mwili. Mwaka 1992 alihamia taasisi mpya ya utafiti wa jenomu iitwayo TIGR, katika jimbo la Maryland; aliongoza idara ya jenomu za vijidudu, na kuanzia 1998 hadi 2007 alikuwa rais wa taasisi nzima. Mwaka 2007 alianzisha Taasisi ya Sayansi za Jenomu katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore. Mwaka 2020 alishika urais wa AAAS, jumuiya kubwa ya wanasayansi ya nchini mwake.

19 Januari

Rasimu ya sura ya kwanza imeshindikana, na ni heri niandike hapa sababu zake nisije nikairudia mwezi ujao. Nilifuata vyeo. Matokeo yake ni maelezo ya mtu anayehama ofisi hadi ofisi, na msomaji anafika ukurasa wa sita bila kujua huyu bibi alikuwa akifanya nini alipoamka asubuhi. Kasoro ya pili ni kwamba kila nilipogusa miaka ya tisini, kalamu iliteleza kuelekea kwa Craig Venter, mwanzilishi wa TIGR, ambaye wakati huo alikuwa mumewe. Venter ni mtu wa kusimulika, hilo halina ubishi, lakini kijitabu si chake. Nimeamua ndoa yao itajwe katika sentensi moja, pamoja na kuachana kwao mwaka 2005, kisha tuendelee na kazi.

Uamuzi mkubwa zaidi ni huu: sura hazitafuata vyeo wala miaka. Zitafuata vijidudu. Kila sura itabeba kijidudu kimoja, swali lililoulizwa kuhusu kijidudu hicho, na kile kilichoonekana baada ya jenomu yake kusomwa. Nadhani ndivyo mwanasayansi wa fani hii anavyokumbuka maisha yake, kama mkulima anavyohesabu miaka kwa mavuno na ukame.

27 Januari

Nimepoteza siku tatu kwa kosa la kizembe. Katika jedwali langu la makala za kisayansi nilikuwa na watafiti wawili, Fraser na Fraser-Liggett, na nikawa nimeanza kuandika aya kuhusu ushirikiano wa wanawake hao wawili. Ni mtu mmoja. Kuna miaka ambayo makala zake zilitoka kwa jina la pili, ikiwemo ile maarufu ya 2006 kuhusu vijidudu vya utumbo. Aya nimeifuta, jedwali nimelipanga upya, na nimeongeza maelezo mafupi ya kumtahadharisha mwalimu atakayetaka wanafunzi wake watafute makala hizo wenyewe.

5 Februari

Sura ya Haemophilus influenzae, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu ndani yake lazima mbinu yenyewe ielezwe. Bakteria huyu ndiye kiumbe hai cha kwanza kinachojitegemea ambacho jenomu yake yote ilisomwa, na makala ilitoka katika jarida la Science tarehe 28 Julai 1995, Robert Fleischmann akiwa mwandishi wa kwanza na Fraser akiwa miongoni mwa waandishi wenza. Jenomu ilikuwa na herufi za DNA 1,830,137. Aliyependekeza bakteria huyu ni Hamilton Smith, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1978, ambaye alikuwa amemtafiti kwa miaka mingi. Wazazi wa huku wanamjua ndugu yake bila kujua jina lake: aina b ya bakteria huyu huleta homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga, na kinga yake imo ndani ya chanjo ya pentavalenti. Aina iliyosomwa maabara ni ile isiyo na madhara.

Mbinu yao ilikuwa kuivunjavunja jenomu yote bila mpangilio, kusoma vipande vidogovidogo, kisha kuiachia kompyuta kazi ya kuviunganisha kwa kutazama mahali vinapolaliana. Katika rasimu nilifananisha kazi hii na mchezo wa kuunganisha vipande vya picha. Mwalimu mmoja wa Kiswahili ninayemwamini alinirudishia ukurasa akaniuliza kwa upole, "Mwandishi, wanafunzi wako wangapi wamewahi kuushika mchezo huo?" Nikakaa chini tena.

Mfano ulioshinda ni huu. Chukua nakala kumi za shairi moja refu zilizoandikwa kwa mkono, zihifadhi kwenye sanduku, na mchwa wazile. Mchwa hawali mahali pamoja katika kila nakala. Hapa wameacha beti mbili na nusu, pale wameacha mshororo na kipande. Ukichukua mabaki yote na kutafuta maneno yanayojirudia kwenye kingo, kipande kinachoishia "na mawimbi yakavuma" utakiweka juu ya kile kinachoanza na maneno hayohayo, na shairi litarudi. Uzuri wa mfano huu ni kwamba unaeleza pia shida yenyewe ya kazi. Shairi lenye kibwagizo litakusumbua, kwa kuwa kipande chenye kibwagizo peke yake kinaweza kukaa chini ya ubeti wowote. Haemophilus ana "vibwagizo" vya namna hiyo, hasa seti sita za jeni za ribosomu, vile viwanda vya protini vya seli, ambazo karibu zinafanana, na ilibidi watafiti watumie vipande virefu zaidi, vinavyovuka kibwagizo chote na kushika ubeti wa huku na wa kule, ili kila seti ikae mahali pake. Vipande 24,304 vilivyoingizwa kwenye programu ya kuunganisha vilitoa kwanza mafungu 140 yasiyogusana. Kuziba mapengo yale ndiyo kazi ya mikono ambayo hadithi nyingi huiruka, na mimi nimeipa ukurasa mzima.

Nimeongeza pia kisa cha fedha: ombi la TIGR la kugharimiwa na Taasisi za Taifa za Afya lilikataliwa kwa kuwa wataalamu walioliangalia waliona mbinu hiyo haitafaulu, na jibu la kukataliwa lilifika wakati kazi inakaribia kwisha. Wanafunzi watakipenda. Nami nimekipenda, nikijua fika kwamba maombi mengi yanayokataliwa yalistahili kukataliwa.

9 Februari

Sura ya Mycoplasma genitalium imeandikwa kwa siku moja. Hapa Fraser ndiye mwandishi wa kwanza, Oktoba 1995, miezi mitatu tu baada ya Haemophilus. Bakteria huyu anaishi katika njia za mkojo na uzazi za binadamu, na jenomu yake ina herufi 580,070 na jeni zipatazo 470, mojawapo ya jenomu ndogo kabisa za kiumbe kinachoweza kukuzwa chenyewe maabara. Swali lililofuata lilijileta lenyewe: kiumbe kinahitaji jeni ngapi ili kiishi? Mwaka 1999 kundi hilohilo lilikadiria, baada ya kuharibu jeni moja baada ya nyingine na kuona nani anabaki hai, kwamba kati ya 265 na 350 za jeni za protini ndizo zisizoweza kukosekana. Nimeacha swali hilo mwishoni mwa sura bila kulifunga, maana darasani litafungua mjadala wa kipindi kizima.

16 Februari

Kaswende. Makala ya 1998, Fraser tena mwandishi wa kwanza, herufi 1,138,006. Kinachoifanya sura hii iwe na uzito ni kwamba Treponema pallidum, bakteria wa kaswende, wakati huo hakuweza kukuzwa mfululizo maabara. Watafiti walimlea ndani ya sungura. Ugonjwa unaojulikana kwa karne nyingi, bakteria aliyetambuliwa mwaka 1905, na bado hapakuwa na chupa ya kumfugia. Jenomu ilieleza sababu: ana njia chache mno za kujitengenezea mahitaji yake, hivyo karibu kila kitu anakichukua kwa mwenyeji wake. Kwa Kiswahili sentensi hii imekuja bila jasho, kwa kuwa lugha yetu tayari ina neno kupe kwa mtu wa tabia hiyo. Nilitaka kulitumia, kisha nikakumbuka kwamba kupe wa kweli anakuja katika sura ya ndigana, nikaliacha lisije likawachanganya wasomaji.

Kipindupindu kimeingia kama kisanduku cha nusu ukurasa: mwaka 2000, kromosomu mbili badala ya moja, kubwa na ndogo, jambo ambalo si la kawaida kwa bakteria. Kisanduku kinatosha.

24 Februari

Mapitio ya kwanza. Walimu wawili wamesoma sura nne na wote wameuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: baada ya kusoma herufi milioni hizo zote, nani amepona? Swali ni la haki na nilikuwa nikilikwepa. Nimeandika sura mpya ambayo haikuwa kwenye mpango, ya meningokoka wa kundi B, mmojawapo wa bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo.

Ganda la sukari la bakteria huyu linafanana na sukari iliyo kwenye mwili wa binadamu, kwa hiyo njia ya kawaida ya kutengeneza chanjo kutokana na ganda ilikuwa imefungwa. TIGR ilisoma jenomu yake kwa ushirikiano na tawi la Italia la kampuni ya Chiron, ambako Rino Rappuoli aliongoza utafiti wa chanjo, na makala zikatoka mwaka 2000. Badala ya kuanza na bakteria kwenye sahani, walianza na orodha ya jeni, wakachagua zile ambazo protini zake zilielekea kukaa nje ya seli, wakazitengeneza 350 hivi ndani ya bakteria mwingine, na kuzijaribu kwa panya mmoja baada ya mwingine. Chanjo iliyotokana na safari hiyo, Bexsero, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Kutoka orodha ya jeni hadi sindano ni miaka 13. Nimeiandika namba hiyo waziwazi, maana mwanafunzi anayedhani kusoma jenomu ni kupata dawa wiki ijayo atavunjika moyo mapema. Lazima pia niweke wazi kwamba kundi B si lile kundi A lililokuwa likisababisha milipuko mikubwa katika ukanda wa Sahel. Mwalimu mmoja tayari alikuwa amevichanganya.

Ushirikiano huo ulizaa jambo jingine. Mwaka 2005 walilinganisha aina nane za Streptococcus agalactiae na kukuta kwamba kila aina mpya iliyosomwa ilileta jeni ambazo nyingine hazikuwa nazo. Kwa hiyo jenomu ya mtu mmoja wa ukoo haitoshi kuueleza ukoo. Wao waliuita mkusanyiko huo jenomu-pani. Mimi nimetumia "jenomu ya ukoo", na neno lao nimeliweka mara moja tu ili mwanafunzi alitambue akikutana nalo.

6 Machi

Sura ya kimeta imechukua siku kumi na ndiyo ndefu kuliko zote. Nina wasiwasi kwamba ni ndefu kwa sababu ni ya polisi, lakini nikiisoma tena naona sayansi iliyomo ndiyo safi kuliko ya sura nyingine.

Katika msimu wa vuli wa mwaka 2001 barua zenye unga wa mbegu za kimeta zilitumwa kwa vyombo vya habari na maseneta nchini Marekani. Watu 5 walifariki na 17 waliugua. Aina ya kimeta ilitambuliwa kuwa ile iitwayo Ames, iliyokuwa imesambazwa katika maabara mbalimbali. TIGR ilikuwa tayari katikati ya kusoma jenomu ya aina hiyo barua zilipotumwa, na mwaka 2002 ilitoa makala iliyolinganisha jenomu ya kimeta cha mhanga wa Florida na ya kimeta cha maabara. Ugumu ulikuwa kwamba bakteria wa kimeta wanafanana mno. Mbegu zake zinaweza kulala miaka mingi bila kuzaana, na asiyezaana hapati nafasi ya kubadilika. Kutafuta tofauti kati ya Ames na Ames ni kama kutafuta kosa moja la mwandikaji katika nakala ya msahafu.

Mwanya ulipatikana kwa jicho la kawaida. Mbegu za kwenye barua zilipooteshwa, wengi wa bakteria walitoa makundi yanayofanana, lakini wachache walitoa makundi yenye umbo na rangi tofauti kidogo. Jenomu za wachache hao zilisomwa, mabadiliko yao yakatambuliwa, na vipimo vinne vikatengenezwa kuyatafuta. FBI ilikuwa imekusanya sampuli zaidi ya 1,000 za Ames kutoka maabara mbalimbali. Zilizokuwa na alama zote 4 zilikuwa 8, na zote zilirudi kwenye chupa moja iliyoitwa RMR-1029, katika maabara ya jeshi ya Fort Detrick. Wapelelezi walimwelekea mtafiti mmoja wa hapo, ambaye alifariki mwaka 2008 kabla ya kufikishwa mahakamani.

Aya ya mwisho nimeiandika mara nne. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilisema mwaka 2011 kwamba ushahidi wa kisayansi peke yake hautoshi kutoa hitimisho la uhakika kuhusu asili ya mbegu zile. Jenomu inaweza kusema mbegu hizi zinafanana na za chupa ile. Haiwezi kusema ni mkono wa nani ulioifungua. Mhariri alitaka niimalizie sura kwa jina la mtuhumiwa. Nimekataa, kwa kuwa kijitabu kinamfuata Fraser na kazi yake, na kazi yake iliishia kwenye chupa.

20 Machi

Ndigana kali. Sura hii nimeiandika nikiwa na Bwana Mifugo wa kata, ambaye alikubali kunisomea kila aya kwa sauti ili tusikie panapokwama.

Tarehe 1 Julai 2005 jenomu ya Theileria parva, kimelea aenezwaye na kupe anayeleta ndigana kali kwa ng'ombe, ilichapishwa katika Science, Malcolm Gardner akiwa mwandishi wa kwanza, kazi ya TIGR kwa kushirikiana na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi. Kromosomu nne, herufi milioni 8.3, jeni 4,000 na ushei. Aina iliyosomwa ni ya Muguga, mahali palipo nje kidogo ya Nairobi. Wiki mbili baadaye, katika jarida hilohilo, ikatoka jenomu ya kimelea wa malale na nagana, TIGR ikiwemo tena. Mfugaji wa Afrika Mashariki hakusikia chochote, lakini mwezi ule kimelea wa kupe na kimelea wa mbung'o walifunguliwa karibu kwa pamoja.

Bwana Mifugo alinisimamisha kwenye maelezo ya ugonjwa. Nilikuwa nimeandika kwamba kimelea "anashambulia" chembe nyeupe za damu. "Hapana, ndugu yangu," akasema, "hashambulii, anazigeuza." Yuko sahihi kuliko nilivyokuwa mimi. Kimelea huingia ndani ya chembe nyeupe, huisukuma igawanyike bila kukoma mithili ya saratani, naye hugawanyika pamoja nayo, na ndiyo maana tezi za shingoni na begani huvimba. Ukimuua kimelea kwa dawa, chembe huacha wazimu wake. Kujua ni jeni zipi za kimelea zinazoendesha kugeuza huko ni mojawapo ya maswali ambayo jenomu iliyawezesha kuulizwa sawasawa.

Kisha akauliza lile la walimu, kwa lugha ya zizini: mbona chanjo bado ni ileile ya kumwambukiza ndama na kumtibu hapohapo? Inatengenezwa kwa kusaga kupe walioambukizwa, inasafirishwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, inachomwa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, na ndama anavalishwa hereni. Inafanya kazi, ila mtungi ukiisha naitrojeni njiani, hasara ni ya mfugaji. Jenomu ilisaidia kutambua protini ambazo kinga ya ng'ombe huzitambua, na majaribio ya kuunda chanjo isiyohitaji kimelea hai yalifuata, lakini iliyoko mkononi mwake hadi leo ni ya kusaga kupe. Nimeandika hivyo hivyo. Alisoma, akanirudishia karatasi, akasema sura hii ataichukua kwenye mnada wa Jumamosi awasomee wenzake.

2 Aprili

Sura ya mwisho, vijidudu vya utumbo, imebaki fupi kuliko nilivyopanga. Makala ya 2006 ilisoma vinasaba vya vijidudu vyote vya kwenye kinyesi cha watu wawili wazima wenye afya, bila kumkuza yeyote kwanza, na kupata herufi milioni 78 hivi. Huku ndiko Fraser alikoelekea zaidi baada ya kuhamia Baltimore. Mfano wa mchwa unarudi hapa kwa kishindo, maana sasa sanduku lina mashairi mamia tofauti yaliyoliwa pamoja. Watu wawili ni wachache, na sura inasema hivyo.

9 Aprili

Mswada uko kwa msanifu: kurasa 46, sita zaidi ya mpango, na sitapunguza sura ya kimeta wala ya ndigana ili zitoshe, kitakachoondoka ni faharasa ya picha. Mchoraji amemaliza sanduku la mchwa. Amewachora mchwa wakubwa kama panzi, nimemwomba awapunguze. Zimebaki kazi mbili: kusawazisha "kijidudu" na "kimelea" katika kijitabu chote, kwa kuwa Theileria na kimelea wa malale si bakteria na wanafunzi wasiwaweke kundi moja, na kumpelekea Bwana Mifugo nakala tano, kwa sababu ile moja niliyompa haikurudi kutoka mnadani.